Ip Man hakupigana na jenerali wa Kijapani, aliyofanya ni makubwa zaidi

Ndugu Mhariri,

Salamu kwako na kwa wenzako wote wa ukurasa wa burudani. Naandika kuhusu ile makala yenu ya muvi za mapigano zilizotokana na maisha ya watu, mliyoiweka Ip Man ya mwaka 2008 namba moja. Kwenye namba moja hatuna ugomvi, hata mimi ningeiweka hapo hapo. Shida yangu ni ile sentensi mliyoandika kwamba ni kisa cha kweli cha mwalimu wa kungfu aliyemtwanga jenerali wa Kijapani mbele ya umati mjini Foshan wakati wa vita. Mhariri, hilo pambano halikutokea. Huyo jenerali Miura ametungwa na waandishi wa muvi, na ule ukumbi wa karate ambao ukishinda unapewa mchele nao umetungwa. Ip Man mwenyewe alikuwepo, mji wa Foshan, kusini mwa China, upo mpaka leo, vita ya Japani na China ilikuwepo na njaa ilikuwepo, na maisha halisi ya yule mzee wakati wa vita yana uzito kuliko zile ngumi za mwisho, ndo maana nimeona nisikae kimya.

Mimi nina kibanda cha kuonyesha mpira na muvi hapa Morogoro, na hii muvi naijua nje ndani kwa sababu wateja wanaiomba kila mara, siku ambayo hamna mechi ukitaka mabenchi yajae we weka Ip Man ya kwanza. Kuna vijana wanaijua mpaka wanatangulia kusema maneno kabla steringi hajafungua mdomo. Alafu ikiisha ndo mabishano yanaanza, huyu anasema yule jenerali alikufa pale pale, yule anasema hapana alirudishwa kwao Japani na aibu yake, mwingine anasema Wachina wamejenga sanamu pale pale walipopigania, na kila mmoja anaongea kama alikuwepo. Sasa gazeti nalo likija likaandika kisa cha kweli basi mjadala umefungwa, nani atanisikiliza mimi.

Nianze na uzuri wake maana sitaki mtu aseme naiponda. Muvi imeongozwa na Wilson Yip, mapigano yamepangwa na Sammo Hung, yule mnene tuliyemjua tangu enzi za kanda, na steringi ni Donnie Yen ambaye mama yake, Bow-sim Mark, ni mwalimu wa kungfu wa siku nyingi kule Boston Marekani, kwa hiyo huyu hakuokotwa barabarani akafundishwa kurusha ngumi. Mwaka 2009 ikachukua tuzo ya filamu bora Hong Kong na tuzo ya upangaji wa mapigano, zote halali yake. Mtoto mkubwa wa Ip Man, mzee Ip Chun, ndo alikuwa mshauri kwenye mambo ya wing chun, ile aina ya kungfu ya baba yake, ndo maana ile mikono unaiona iko sawa, viwiko viko ndani, mtu hapepesuki, mkono mmoja unazuia na mwingine unapiga kwa wakati ule ule, hamna kuruka ruka juu ya mapaa kama picha zingine.

Na kuna ile sehemu ya kabla ya vita ambayo nikiitazama bado nacheka na kufurahi. Yule mbabe kutoka kaskazini, Jin Shanzhao, kawapiga walimu wote wa mji, sasa kaja mpaka nyumbani kwa Ip Man. Wanapigana sebuleni, vyombo vinavunjika, mke amekasirika, Ip Man anajizuia zuia tu, mara mtoto anaingia katikati ya ugomvi na kibaiskeli chake cha magurudumu matatu anamwambia baba yake kwamba mama kasema usipoanza kujibu mapigo vitu vyote humu ndani vitavunjika. Baba mtu anaanza kujibu kweli. Jamaa anachomoa upanga, Ip Man anachukua ufagio wa manyoya wa kufutia vumbi, na anamshinda kwa huo ufagio bila kumtoa hata damu, anamuaibisha tu.

Mtu huyo huyo, mikono ile ile, baadaye vita imeshaingia, anasimama kwenye ukumbi wa Wajapani akiwa ameona mwenzake, mwalimu mzima, kapigwa risasi ya kichwa kwa sababu ya kuokota mchele. Anasema anataka watu kumi. Na hapo hamna tena ufagio wa manyoya, anavunja mikono, anavunja miguu, kuna mmoja anapigwa ngumi za mfululizo usoni mpaka unatamani aachwe. Jenerali anataka kumpa mchele wake wa ushindi, yeye anajibu hakuja kwa ajili ya mchele. Kwangu mimi hapo ndo muvi imesema kitu cha kweli kuhusu vita hata kama tukio lenyewe limetungwa, kwamba vita inamchukua mtu mpole aliyekuwa anaona raha kupigana kwa adabu na wenzake, inamfanya apige kwa hasira, na hasira yenyewe haimrudishii hata mmoja aliyekufa. Wateja wangu hapo wanasimama juu ya mabenchi wanashangilia, nawaelewa.

Sasa tuje kwenye mtu mwenyewe. Ip Man alizaliwa Foshan tarehe 1 Oktoba 1893, familia yenye uwezo, nyumba kubwa. Mji wenyewe wa Foshan ni mji wa kungfu hasa, Wong Fei-hung mnayemjua kwenye muvi nyingine naye anatoka huko huko. Ip Man alianza wing chun akiwa mdogo kwa mzee Chan Wah-shun, akaja kwenda kusoma shule Hong Kong, akarudi kwao. Vita kati ya Japani na China ilipoanza Julai 1937 ilianzia kaskazini, karibu na Beijing, watu wa kusini wakawa wanaisikia kwa mbali. Oktoba 1938 wanajeshi wa Japani wakashuka pwani ya kusini, tarehe 21 mwezi huo wakaingia Guangzhou, na Foshan ambayo iko hapo jirani ikaenda nayo. Ip Man alikuwa na miaka 45, mtu mzima wa familia, na Donnie Yen naye muvi inatoka alikuwa na miaka 45, hapo wamepatia. Ila yule mtoto wa kibaiskeli, Ip Chun, ukweli ni kwamba alizaliwa 1924, Wajapani wanaingia alikuwa kijana wa miaka 14, na alikuwa na wadogo zake, muvi imewafuta wote kabaki mmoja. Nadhani walitaka mzigo uwe mwepesi kuonyesha, lakini baba wa watoto kadhaa na njaa ndani ya nyumba ni habari nyingine kabisa.

Kwamba familia ilianguka kutoka kwenye utajiri mpaka kwenye dhiki, hilo ni kweli. Na wanawe na wanafunzi wake wanasimulia kwamba Wajapani walimtaka awafundishe askari wao, akakataa. Basi. Hakukuwa na jukwaa uwanjani wala umati wala jenerali kuvua viatu. Alikataa, akaendelea kuishi mji ule ule pamoja na wale aliowakatalia. Mimi naomba wasomaji wafikirie hapo kidogo. Kwenye muvi ukikataa, dakika kumi mbele unapigana, unashinda, watu wanapiga makofi, imeisha. Kwenye maisha ukikataa kesho yake unaamka na njaa ile ile, keshokutwa hivo hivo, watoto wanakuangalia, na anayeweza kukupa chakula unapishana naye barabarani, na hujui itaisha lini, na ilichukua karibu miaka saba mpaka Agosti 1945. Kupigana na watu kumi ni kazi ya dakika chache kwa mtu aliyefundishwa tangu utoto. Hiyo miaka ya njaa na msimamo hamna aliyekufundisha.

Alafu kuna kiwanda cha pamba. Kwenye muvi Simon Yam anaigiza rafiki yake, Chow Ching-chuen, mwenye kiwanda, wanakuja wahuni wanataka hela, Ip Man anawafundisha wafanyakazi kujilinda, na yeye mwenyewe anashika ule mti mrefu anawachapa nao. Wahuni wametungwa, lakini kiwanda si cha kutunga, na hapa ndo nakereka kwamba kitu kizuri hivi kimepitishwa haraka haraka. Ip Man zamani hakuwa anafundisha watu. Alikuwa mtu mwenye nafasi, wing chun ilikuwa yake na starehe yake, hakuwa na haja ya hela ya mwanafunzi. Vita ilipomfilisi, wako watu waliomshika mkono, wakiwemo hao wa familia ya Chow, na mwanzoni mwa miaka ya 40 akaanza kufundisha kikundi kidogo pale kwenye kiwanda cha pamba. Kina Chow Kwong-yiu, Kwok Fu na Lun Kai ndo wanafunzi wake wa kwanza kwanza. Yaani wing chun yote mnayoiona leo duniani kutoka kwa Ip Man, shule za Ujerumani, Marekani, mpaka hapa kwetu kuna vijana wanajifunza kwenye simu, mlango wake ulifunguliwa na vita na njaa, mtu aliyekuwa hana kingine cha kutoa akatoa kile alichokijua mwilini. Kwok Fu na Lun Kai hawakwenda Hong Kong, walibaki huko huko mkoa wa Guangdong, ambako Foshan ipo, wakaendelea kufundisha mpaka uzeeni. Hivi kweli hiyo haitoshi kuwa muvi?

Mtu ninayempenda zaidi kwenye muvi nzima si Ip Man, ni Li Chiu, yule mkalimani aliyeigizwa na Lam Ka-tung. Alikuwa polisi, vita imekuja kapata kazi ya kutafsiri kwa Wajapani, ndo anayekwenda kule kwenye makaa ya mawe kuita watu waje kupigana wapate mchele. Wenzake wanamuita msaliti. Yeye anajibu kwamba ni mkalimani tu na anatafuta riziki kama wao, na ukimwangalia vizuri anavyotafsiri unaona kuna maneno anayapunguza makali ili watu wasiuawe. Huyo ndo mtu wa vita kweli, yuko katikati, kila upande unamchukia. Na kinachonishangaza ni kwamba upolisi wamempa yeye, wakati Ip Man wa kweli ndo alikuwa polisi Foshan, baada ya vita alifanya kazi ya upelelezi chini ya serikali ya Kuomintang, chama kilichotawala China kabla ya Wakomunisti, na hicho ndo kilichomtoa nyumbani. Wakomunisti waliposhinda 1949 mtu aliyefanya kazi serikali ya zamani hakuwa salama, akaenda Hong Kong. Mimi naona hilo limefichwa kwa sababu muvi ilitakiwa kuuzwa China bara, na polisi wa Kuomintang kuwa steringi huko lisingepita kirahisi. Kwa hiyo wakatunga kwamba anatoroshwa kwenda Hong Kong na jeraha la risasi ya Wajapani. Lakini jamani hiyo Hong Kong nayo Wajapani waliichukua siku ya Krismasi 1941! Mtu anawakimbia Wajapani wa Foshan anakwenda kwa Wajapani wa Hong Kong? Ip Man alikaa kwao vita nzima, aliyemkimbia hakuwa Mjapani, na kosa lake halikuwa kumpiga mtu.

Na mke wake. Hapa nitasema kwa uchungu kidogo. Jina lake Cheung Wing-sing. Kwenye Ip Man ya tatu, ile ya 2015 yenye Mike Tyson, wameonyesha mama huyu anaumwa saratani huko Hong Kong, mume kaacha kila kitu, anamuuguza, wanacheza dansi pamoja, watu kwenye kibanda changu wanafuta machozi wazi wazi. Ukweli ni kwamba mpaka kati ya Hong Kong na China ulifungwa 1951, mume yuko upande huu, mke yuko Foshan, hawakuonana tena. Mama wa watu alikufa kwa saratani mwaka 1960 huko huko Foshan na mume hakuwepo. Wanawe Ip Chun na Ip Ching walikuja kumfikia baba yao 1962, miaka kama kumi na tatu tangu aondoke. Nauliza tena, aliyeona vema kubadilisha hicho alikuwa anamlinda nani? Ile dansi ni nzuri lakini imemnyang'anya yule mama kifo chake alichokufa bila mume wake, na imewanyang'anya mamilioni ya watu waliotenganishwa na mipaka baada ya vita, wapo China, wapo Korea, na maziwa makuu huku kwetu wapo wengi tu, wangejiona pale kama wangeonyeshwa ilivyokuwa.

Hong Kong alianzia chini kabisa. Mwaka 1950 akawa anafundisha kwenye chama cha wafanyakazi wa mahotelini, wapishi na wahudumu wa migahawa, mwanafunzi wake mkubwa hapo ni Leung Sheung. Miaka michache mbele akaja kijana mmoja wa shule mkorofi mkorofi anaitwa Bruce Lee, na huyo ndo sababu ya dunia nzima kulijua jina la Ip Man, huyo hahitaji maelezo, picha yake ilikuwa kwenye kuta za saluni zetu tangu niko mdogo. Ip Man alifariki tarehe 2 Desemba 1972. Mwaka huo huo wanawe walimrekodi kwa kamera ndogo akiwa nyumbani anafanya mazoezi yake, mzee amekonda kwa saratani ya koo, amevaa nguo za kawaida, anapiga ule mti wa mazoezi wenye mikono mitatu na mguu mmoja. Video ipo kwenye intaneti, vijana nawaomba muitafute. Hamna muziki, hamna adui. Mkono unakwenda taratibu, unarudi, kiwiko hakitoki nje. Nilipowaonyesha vijana wangu pale kibandani mmoja akasema huyu babu mbona kama anasuka mkeka, na kweli, ndo ilivyo.

Najua mtanijibu kwamba ni muvi, muvi lazima iongezwe chumvi, na steringi hafi. Sawa. Tangu zamani Hong Kong wamekuwa na huu mtindo wa Mchina mmoja anawamaliza Wajapani dojo nzima, yaani ukumbi mzima wa mazoezi, Bruce Lee mwenyewe 1972 aliigiza Chen Zhen, na mpaka leo kuna watu wanaamini Chen Zhen alikuwa mtu wakati alitungwa, aliyekuwepo kweli ni mwalimu wake kwenye hadithi, Huo Yuanjia, aliyekufa 1910. Chen Zhen hana shida kwangu, jina ni la kutunga basi tunga utakavyo. Lakini ukichukua jina la mtu aliyeishi, ukachukua mji wake, ukachukua mke wake na jina lake, alafu mwishoni ukaweka na picha zake halisi, hapo umemwambia mtazamaji niamini. Na mtazamaji anakuamini, kwa sababu ana imani na wewe na hana kitabu nyumbani cha kuhakikisha. Watafsiri wetu nao wanaotia Kiswahili humu wanaongeza lao, kuna nakala moja niliyo nayo mtafsiri anasema kabisa kwamba baada ya hilo pambano Wajapani wakaogopa wakaondoka China. Wakaondoka! Wakati vita iliwaua watu kwa mamilioni mpaka 1945. Natamani kila mtafsiri kabla picha haijaanza aseme dakika moja tu, jamani huyu mtu alikuwepo, hili lilitokea, hili limetungwa. Sauti wanazo, na watu wanawasikiliza kuliko walimu wa historia.

Na kuna jambo lingine linanifanya nilichukulie hili kwa moyo. Jeshi lile lile la Japani babu zetu walipambana nalo. Askari wa keya, lile jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, kutoka Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland ambayo leo ni Malawi walipelekwa Bama, yaani Burma ambayo leo ni Myanmar, na divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki mwaka 1944 ikashuka bonde la Kabaw kwenye mvua kubwa, matope mpaka magotini, malaria, Wajapani wako vichakani, mpaka Desemba wakafika Kalewa kwenye mto Chindwin. Tarehe 12 Februari mwaka huo huo meli ya Khedive Ismail iliyotoka Mombasa kwenda Ceylon, leo Sri Lanka, ilipigwa na nyambizi ya Japani karibu na Maldivi ikazama ndani ya dakika chache, wakafa watu 1,297, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki, na walikuwemo wauguzi wanawake. Ni watu wangapi Mombasa au Dar wanaojua jina la hiyo meli? Nikiwatajia vijana kibandani wanadhani natunga mimi. Jenerali Miura ambaye hakuwepo wanamjua kwa jina, sura na sauti, babu zao waliozama na meli hawajawahi kusikia habari zao. Sisemi Wachina watuigizie habari zetu. Nasema ukurasa wa burudani unapoandika kuhusu muvi ya vita ile, una nafasi ya sentensi mbili kumwambia msomaji kwamba vita hii ilifika mpaka mlangoni kwenu.

Niseme na hili la karate maana nimeona madhara yake kwa macho. Kuna watoto hapa mtaani baada ya Ip Man waliwazomea wenzao wanaofanya karate, eti karate ni ya makatili. Karate ilitoka kisiwa cha Okinawa, mwalimu Funakoshi aliipeleka Tokyo 1922, na wanaoifundisha huku kwetu wengi ni watu wa heshima wanaowatoa vijana kwenye bangi. Waambieni watoto kwamba aliyemwigiza jenerali Miura, Hiroyuki Ikeuchi, ni Mjapani, na aliyetunga ule muziki unaowasisimua Ip Man anapoingia ukumbini, Kenji Kawai, naye ni Mjapani. Mjapani kakubali kuigiza ubaya wa jeshi la nchi yake, na mwingine kauwekea muziki unaomtukuza Mchina, hilo nalo ni jambo la kuandika gazetini na sijaona likiandikwa.

Kwa hiyo Mhariri naomba mambo haya. Mwandishi wenu asahihishe ile sentensi, hata kwa mistari mitatu tu, aseme pambano na jenerali ni la kutunga, Ip Man alibaki Foshan wakati wote wa vita na aliondoka 1949. Kila mkiandika muvi ya maisha ya mtu wekeni kisanduku kidogo pembeni cha yaliyotokea na yaliyotungwa, hakichukui nafasi kubwa kuliko tangazo la mganga. Na kama mna nafasi andikeni kuhusu The Grandmaster ya Wong Kar-wai ya 2013, Ip Man huyo huyo ameigizwa na Tony Leung, ina mambo yake ya kutunga nayo tena mengi, inakwenda pole pole na wateja wangu wengi wanasinzia, ila kwenye lile la mume kuondoka, mpaka kufungwa na mke kubaki, imekaribia ukweli kuliko hizi zote za Donnie Yen. Mimi huwa naiweka Jumapili mchana kwa wanaotaka, kiingilio nusu, na mwandishi wenu akipita Morogoro aje tuitazame pamoja, yeye simtozi.

Wenu msomaji wa siku zote,
Mwenye kibanda, Morogoro